Maro, na Cheni ya Kaka Yangu

Nilipita juu ya Maro kwa miaka mingi kabla sijaiona. Nilijua tumbo linapanda wapi na mifupa inagongwa wapi, lakini kama ungeniambia niichore ningekuchorea shati tu, kwa maana kila tulipoifikia uso wangu ulikuwa umezama kwenye mgongo wa kaka yangu, kwenye harufu ya grisi na gundi ya tyubu.

Hii ilikuwa miaka ya tisini, gugu maji lilipokuwa likianza kulifunika ziwa. Nyumba yetu ilikuwa juu mlimani, upande unaotazama Kisian, na shule ilikuwa chini kabisa, karibu na pale barabara ya Bondo inapoachana na ile ya Busia. Kati ya nyumba na shule palikuwa na njia moja ya miguu. Mvua zilikuwa zimeikwangua hadi kwenye mifupa, zikaacha ngazi za mawe, nyingine fupi kama kizingiti cha mlango, nyingine za kufika gotini. Ya mwisho ilikuwa kubwa kuliko zote. Watu waliiita Maro, yaani mama mkwe, kwa sababu kwetu mama mkwe hakaribiwi ovyo. Unasimama mbali kwanza, unajipanga, ndipo unasogea kwa adabu.

Mguu wangu wa kushoto ulinyauka nikiwa mdogo, kwa polio. Kupanda mlima hakukunisumbua sana. Jioni nilishika usukani wa baiskeli kama mkongojo, macho kwenye miguu yangu tu, kaka akasukuma akiwa upande wa nje, tukafika. Kushuka ndiko kulikonishinda. Goti lilikuwa likijikunja lenyewe bila kuomba ruhusa. Kwa hiyo kila asubuhi kaka alinikalisha kwenye keria ya baiskeli yake, ile nyeusi ya chuma, nzito, ya kubebea magunia, akanishusha hadi shuleni, kisha akaenda kazini. Kazi yake ilikuwa kutengeneza baiskeli kwenye kibanda cha bati pale njia panda.

"Shika mimi vizuri," alikuwa akisema. "Tukifika kwa Maro, egemea nyuma kabisa pamoja na mimi, uso kwa mgongo yangu. Usiangalie kitu."

Sikuangalia kitu. Yeye alipiga mluzi. Kabla ya kila ngazi alianza wimbo wa kanisani, na tulipotua upande wa chini wimbo uliendelea pale pale ulipokatikia. Nilidhani ana furaha tu. Kuna watu wa namna hiyo asubuhi, nami si mmoja wao.

Lakini kulikuwa na siku ambazo mluzi ulikatika kabla ya Maro, baiskeli ikasimama, akasema, "Shuka kwanza. Cheni imetoka." Hapo nilijua siku yangu imeharibika. Aliteremsha baiskeli kwanza, halafu akarudi kunishika mikono, nami nikateremka kwa kukaa, macho nimeyafumba kama alivyoniagiza, nikijiburuta juu ya jiwe na sketi ya shule ambayo mama aliipiga pasi ya makaa. Nilifika darasani na vumbi jekundu nyuma, na wasichana wa darasa langu hawakuwa watu wa kunyamazia jambo kama hilo.

Nilikasirika, na mdomo wangu haujawahi kuwa na mlango. Jumamosi nikimpelekea chakula kibandani, niliwauliza wateja wake, "Nyinyi mnaletea huyu baiskeli zenu? Yake mwenyewe inatoka cheni kila wiki!" Mzee mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, akasema, "Mganga hajigangi," na kibanda kizima kikacheka. Kaka alicheka nao, akaendelea kusugua tyubu kwa kipande cha msasa. Hakujitetea hata siku moja.

Kisha ikaja nafasi yake. Fundi mmoja wa injini za boti kule Luanda Kotieno alimwita aende kujifunza kazi kwake, akae huko huko, aanze Januari. Hilo alikuwa amelitaka tangu utotoni. Angeweza kusimama ufuoni akisikiliza boti zikipita na kukuambia ipi ina plagi chafu. Aliileta habari hiyo nyumbani akitabasamu, mama akapiga vigelegele, nami nikapiga. Asubuhi iliyofuata nilikuwa nyuma ya jiko nikiosha vyombo, nikawasikia wakiongea.

"Mama, mimi sitaenda," kaka alisema.

"Kwa nini tena?"

"Nani atapeleka huyu shule?"

"Mungu atafungua njia."

"Njia iko, Mama. Ni hiyo ya Maro. Sasa nani atashukisha yeye?"

Nilisimama pale na sufuria mkononi, hasira zikinipanda. Sijui kama zilikuwa za kaka au za goti langu. Nilijua tu kwamba sitaki kuzeeka juu ya mlima ule nikiwa sababu ya mtu kukosa maisha yake. Niliingia ndani na mikono yenye povu, nikasema, "Nifundishe kuendesha. Nikishuka Maro peke yangu kabla ya Krismasi, unaenda. Nikishindwa, baki hapa ututengenezee cheni."

Baiskeli nyeusi ilikuwa ndefu mno kwangu. Lakini muhula ule mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka ng'ambo alimaliza kazi shuleni kwetu, na alipoondoka alimwachia kaka baiskeli yake, maana kaka alikuwa amemzibia matairi mara nyingi bila kumtoza bei ya mgeni. Ilikuwa baiskeli ya mlima, "mauntini" kama vijana walivyoiita: tairi nene zenye meno, fremu fupi, usukani ulionyooka, na gia za kumwezesha hata mtu wa mguu mmoja kupanda kilima. Huko aliko, mwalimu yule namshukuru mpaka leo. Kitu kimoja tu haikuwa nacho, keria.

Kaka ndiye aliyeijaribu kwanza. Aliipeleka Maro asubuhi moja, peke yake, akipiga mluzi. Alirudi akiisukuma, mdomo umepasuka na kidevu kimechubuka. Gurudumu la mbele lilikuwa limezama, naye akapita juu ya usukani. Alikaa kwenye kigoda, mama akimpangusa kwa maji ya chumvi, akafikiri kwa muda mrefu, halafu akaanza kucheka.

"Kumbe ni wewe," aliniambia.

"Mimi nimefanya nini?"

"Wewe ndio ulikuwa unazuia mbele isizame. Miaka yote mimi najiita fundi ya kushuka, kumbe ni uzito yako huko nyuma."

Nilivimba kichwa wiki nzima. Siku zote nilijiona mzigo, na kweli nilikuwa mzigo, lakini wa kazi, kama yale mawe yanayozamisha wavu. Angeweza kusema baiskeli ya wazungu ni mbovu. Alisema ni mimi, mbele ya mama, damu ikimtoka mdomoni, na sijui kama ipo zawadi niliyopewa tangu siku hiyo iliyoishinda ile.

Basi tulijifunza wote wawili. Tulianzia kwenye baraza la kanisa, ambalo kimo chake hakikuzidi matofali mawili. Alikata ukanda wa tyubu kuukuu akanifunga mguu wa kushoto kwenye pedali, si kwa kukaza sana, ili nikianguka uchomoke. Somo lenyewe lilikuwa fupi. Pedali zote mbili ziwe sawa, usimame juu yake, usikalie kiti. Mikono ilegee. Makalio yaende nyuma mpaka tumbo liwe juu ya kiti, kwa sababu sasa mtu wa kuegemea nyuma ni wewe mwenyewe. Breki ya mbele usiiguse ukingoni. Na usinyate, maana ukinyata gurudumu la mbele litaanguka wakati la nyuma bado liko juu likisubiri.

"Na macho iende mahali unataka kufika," alisema. "Ukiangalia shimo, shimo itakuita."

Nilianguka. Wanakwaya waliacha mazoezi wakajaa mlangoni kunitazama. Mama mmoja mnene wa sauti ya kwanza akapiga kelele, "Huyu anataka kuvunja hata ile mguu mzima!" Nikamjibu kwamba ukivunjika nitakuwa na miguu miwili inayofanana, jambo ambalo nimelitamani siku nyingi. Alinitazama kama aliyepigwa kofi, kisha akacheka hadi akashika nguzo. Siku nilipotua bila kuyumba, yeye ndiye aliyeanza kupiga makofi, na kwaya nzima ikamfuata. Wamenishangilia watu wengi baadaye maishani, lakini kwaya ile iko mbele yao wote.

Kutoka barazani tulihamia kwenye ngazi ndogo za njia yetu, moja baada ya nyingine. Magoti yalichubuka, viwiko vikapona, vikachubuka tena. Mama aliacha kuniuliza, akawa anaweka tu maji ya chumvi tayari. Na katikati ya maumivu hayo niligundua kitu ambacho sikukitarajia. Baiskeli ikishaacha jiwe, kabla haijagusa chini, kuna kitambo kidogo ambapo miguu haina kazi yoyote. Hapo wa kushoto ulikuwa sawa na wa kulia. Nilikipenda kitambo hicho kiasi kwamba nilipanda tena na tena kukitafuta.

Krismasi ikakaribia. Fundi wa Luanda Kotieno akatuma mtu kuulizia jibu, na kaka akasema atampa kesho yake. Asubuhi ya siku hiyo ya jibu tulikwenda Maro, mimi juu ya mauntini, yeye kando yangu kwa miguu. Nilisimama hatua kadhaa kabla ya ukingo, na kwa mara ya kwanza nikaitazama kwa macho yangu mawili.

Jiwe lilikuwa la kijivu, limekwaruzwa na pedali zetu za miaka yote. Chini yake palikuwa na utepe mwembamba wa kokoto ambao ndio tuliokuwa tukitua juu yake. Na pembeni mwa kokoto hizo, karibu kiasi cha kukanyagwa kwa bahati mbaya, palikuwa na genge lililokatika wima. Vichaka vilitokeza kutoka tumboni mwake, na mbali chini ya vichaka yalionekana mabati ya Kisian na ziwa likiwa limevaa kijani. Hakuna mtu aliyewahi kunitajia genge. Kila asubuhi kaka alikuwa ameliona, na mimi nyuma yake nimefumba macho, nikinung'unika kuhusu sketi.

Nilitaka kupiga mluzi, kama yeye. Midomo niliikusanya, nikapuliza, ikatoka hewa tupu. Kinywa kilikuwa kikavu kama majivu. Nikapuliza tena, hewa tena.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mluzi ule haukuwa furaha hata kidogo. Alikuwa akijipima. Ukitoka, anashuka. Ukikataa kutoka, maana yake woga umemzidi, na mtu aliyezidiwa na woga hawezi kumpitisha dada yake kando ya genge. Cheni yake haikuwahi kutoka. Alikuwa fundi mzuri kuliko wote pale njia panda, na aliniacha nimtangaze kwa wateja wake kuwa hajui kazi, wiki baada ya wiki, kuliko kuniambia, "Leo naogopa." Angeniambia hivyo ningeogopa pia, na nisingeikalia keria ile tena, wala shule nisingeiona.

Nilitaka kumwambia yote hayo, lakini nilikuwa na mguu umefungwa kwenye pedali na machozi hayakuwa mbali, na mimi silii mbele ya watu.

"Shikilia kwanza," nikamwambia. "Cheni imetoka."

Kaka aliitazama cheni. Ilikuwa imekaa kwenye meno yake sawasawa, inang'aa kwa grisi aliyoipaka mwenyewe jana yake. Kisha akanitazama mimi. Tulitazamana hivyo kidogo, naye akajua kwamba nimejua.

Hakucheka. Alipiga magoti kwenye vumbi, akaishika cheni kwa vidole, akaivuta, akairudisha, akapapasa meno ya gia, akaikagua upande huu na upande ule. Hakuwa na haraka. Alifanya kazi yote ya kurudisha cheni iliyotoka, hatua kwa hatua, kama vile mteja amesimama anamngoja. Chini huko ng'ombe wa mtu alilia. Pumzi yangu ilianza kurudi mahali pake, na ulimi ukapata mate.

"Jaribu sasa," alisema, akasimama kando.

Nilikusanya midomo. Mluzi ulitoka, mbaya, wenye mikwaruzo, lakini mluzi. Nikasukuma pedali, nikasimama, nikapeleka makalio nyuma, macho nikayatupa kwenye njia mbele ya kokoto, mbali na genge. Jiwe likaisha. Kile kitambo changu kikaja, kirefu kuliko vyote nilivyowahi kupata, kisha tairi zikagonga kokoto, usukani ukatetemeka, nikaushika, ukatulia. Nilifunga breki chini kabisa njia ilipopanuka, mguu wa kulia ukagusa ardhi.

Kaka alikuja mbio. Maro aliishuka kwa kujiburuta juu ya makalio, vile nilivyokuwa nikishuka mimi, akanifikia akihema, suruali imejaa vumbi nyuma, mikono myeusi kwa grisi ya cheni isiyokuwa na kosa lolote.

"Imeshika?" akauliza.

"Imeshika," nikasema. "Wewe ni fundi. Nenda Luanda Kotieno."