Mtambo Uko Nchi Kavu

Wiki hii nilipanga foleni katika ofisi moja ya serikali hapa Kampala, nyuma ya mama muuza samaki aliyetoka Ziwa Albert. Alikuja kulalamika kwamba tangu wachimba mafuta waanze kutoboa chini ya ziwa, nyavu za mumewe zinarudi tupu.

Karani, nyuma ya kioo, hakushika hata kalamu. "Mama, mtambo iko nchi kavu. Bomba tu ndiyo inapita chini ya ziwa. Na fomu ya malalamiko imekwisha."

Mama akapitisha mkono chini ya kioo, taratibu, akachukua chapati iliyokuwa kando ya chai ya karani.

"Wewe! Unaiba chakula yangu!"

"Naiba namna gani, ssebo? Mimi niko huku. Mkono tu ndiyo imepita chini ya kioo."

Foleni nzima ilicheka. Karani hakucheka. Alimwita askari, akavuta droo kwa hasira, akatoa fomu ya malalamiko na kuanza kuandika.

Kumbe fomu zipo! Ziwa zima halikutosha kutoa hata moja. Chapati imetosha.