Chale Zangu na Chakula ya Matanga

Nikiwa mtoto, nyanya yangu wa Bungoma alinichanja kifuani kwa wembe akapaka dawa. Ati uchawi ikitumwa kwangu itagonga hapo irudi. Dawa itaisha tu siku nitakula chakula ya matanga.

Dada yangu alizaliwa nyanya akiwa ameshakufa, kwa hivyo hakuchanjwa. Tukiwa Kipsongo akashikwa na homa, hospitali ikashindwa. Majirani wakasema huo uchawi ilikuwa imetumwa kwangu, imenigonga kifua ikaangukia yeye. Nikaona heri nimalize hii dawa, uchawi inishike mimi, yeye apone.

Nikaenda matanga ya watu huko Kibomet, nikapanga laini na sahani.

"Kijana, wewe ni wa familia gani?" mama wa kupakua akaniuliza.

"Ya sufuria, mama."

Akacheka, akaniongezea nyama.

Nikarudi nikalala kando ya dada, nikingoja kuugua. Asubuhi yeye alikuwa moto vile vile. Mimi hata chafya sikupiga.

Alikufa hiyo wiki. Kwa matanga yetu nilipewa sahani, nikamaliza yote, na bado niko mzima bana.