Msuko Nilioupanda Nyuma ya Banda la Kuku

Mbona mti wa muhogo ukikatwa ukapandwa huota muhogo uleule, na mama akizaa watoto watano kila mmoja huja na sura yake? Nilimwuliza Nyanya swali hilo miaka ile ya vita vikuu vya pili, hapo Likoni, nikiwa sijatimiza miaka tisa. Akanijibu, "Panda, mwanangu, wacha maneno."

Wakati wetu, mvua ya kwanza ikinyesha, mawe ya mdako yalitupwa kando na watoto wote tukaenda shamba. Nyanya alikata mti wa muhogo pingili pingili kwa panga, nasi tukazichomeka kwenye udongo wenye harufu ya kutafunika. Mwaka wa pili tukala muhogo wa tui, utamu uleule wa mwaka uliopita. Lakini mbegu za papai moja tamu zilitoa mpapai mmoja wa asali, mmoja wa maji ya kisima, na wa tatu dume, haukuzaa hata kwa aibu.

Nyumbani nilikuwa mimi huo wa tatu. Dada yangu Riziki na wadogo zetu wote walikuwa na vishimo vya mashavuni kama mama. Mimi nilikuwa na masikio yaliyosimama kama ya mtu anayeitwa kwa mbali.

"Wewe uliokotwa kivukoni," Riziki aliniambia. "Abiria alikusahau. Kikapu chake cha samaki alikikumbuka."

Nilicheka mbele yake, kisha nikaenda kulia chooni. Nilipomaliza kulia, nikafikiri. Nikakata msuko mmoja juu ya sikio, nikaufunga uzi mwekundu nisije nikaupoteza, nikauchomeka nyuma ya banda la kuku. Kila asubuhi niliumwagilia maji ya kuoshea mchele.

Siku ya saba kuku wakaufukua.

Kwetu nywele na kucha huzikwa na mwenyewe, mbali na mahasidi. Msuko wenye uzi mwekundu nyuma ya banda ulikuwa na maana moja tu. Mama alipiga ukelele, majirani wakajaa uani. Bi Mwanakombo, aliyeazima chungu chetu jana yake, alianza kuapa kabla hajaulizwa: "Wallahi, mimi nilikuja kwa chungu tu!" Wakawa wanajadiliana ni mwalimu gani aitwe kuja kusoma dua, Nyanya akanitazama kichwa.

"Mwanaisha!"

"Abee, Nyanya."

"Nani kakukata nywele?"

"Mimi. Nimezipanda. Nilitaka aote mwingine, nipate wa kufanana naye, maana mimi niliokotwa."

Bi Mwanakombo alicheka mpaka leso ikamdondoka. Mama hakucheka. Alimfinya Riziki mfinyo ambao nina hakika anao mpaka leo. Nyanya naye akanishika masikio yote mawili, akawaambia watu, "Huyu hakuokotwa. Huyu nilimbeba mimi, kwa tumbo langu."

Wakacheka zaidi, wakasema uzee umemwingia. Hata mimi nilimsahihisha: yeye alimbeba mama, mama akanibeba mimi. Hesabu haikukubali.

Watoto wa leo wakiuliza huambiwa watazame kitabuni, na muhogo wanaujua ukiwa umekaangwa. Hakuna anayefukuliwa na kuku. Mimi nilikwenda chuo kikuu, na kwenye hadubini nikauona muhogo wetu: seli inanakili nyuzi zake zote za urithi, inagawanyika, zinatoka mbili zilizo sawa na mama yao. Wanaita mitosisi. Msuko haukuota kwa kuwa unywele ni kitu kilichokwisha kufa. Meiosisi ni mapapai. Nyuzi hubadilishana vipande, seli hugawanyika mara mbili, na kila yai hubaki na nusu tu, iliyochanganywa upya. Nusu nyingine hutoka kwa baba. Ndiyo masikio yangu, na ndiyo vishimo vya Riziki.

Jambo moja nililijua baadaye sana, Nyanya akiwa amekwisha kuzikwa. Mgawanyiko huo wa mayai huanza msichana akiwa bado tumboni mwa mama yake, kisha husimama njiani, ukangoja miaka. Yai nilimotoka mimi lilikuwa tayari ndani ya mama, mama alipokuwa ndani ya Nyanya.