Majani ya Msiba wa Baba

Baba alikuwa na kipande cha rweya nje kidogo ya Kamachumu, nacho kilimletea maneno mengi kuliko mali nyingine yoyote aliyokuwa nayo. Rweya ni lile eneo la majani matupu linaloanza migomba inapoishia. Zamani kila nyumba ilikata majani huko: ya kufunika mashina ya migomba, ya kuezeka, ya kutandika sakafuni. Siku hizi vilima vimejaa misonobari na mikaratusi, nguzo zinauzika, na ukipita chini ya miti hiyo husikii ndege hata mmoja. Kipande cha baba kilibaki peke yake. Kiliteremka mpaka bondeni kwenye maji yanayotuama, na hapo korongo wawili wenye taji walitaga kila mwaka.

Majirani walimtania. "Waitu, mzee wetu, hao korongo ndio watakaokusomeshea wajukuu?" Baba alicheka nao, lakini nyumbani alifika amenuna. Alipokuwa kijana korongo walikuja kwa makundi. Sasa, alisema, kila asubuhi anatega sikio kwanza ndipo anaamka, maana anaogopa siku atakayosikia kimya.

Mara ya mwisho nilipokwenda kumwona kutoka Bilele, ninakoishi, hakuweza tena kutoka nje. Aliniomba nimsogeze karibu na dirisha.

"Nikiondoka, kaka yako atapanda miti," akasema. "Usimkubalie."

Nikaahidi. Lakini mimi ni mtoto wa kike, na katika ukoo wetu neno langu juu ya ardhi halina uzito. Baba alilijua hilo kuliko mimi, na nadhani aliniomba kwa kuwa hakubaki na mtu mwingine wa kumwomba. Nilipotoka nikakuta viriba vya miche ya misonobari vimepangwa nyuma ya jiko, vimemwagiwa maji asubuhi hiyo hiyo. Nilikasirika. Mgonjwa anapumua ndani, na miche iko nje inasubiri zamu yake.

Akafa wakati wa mvua, korongo wakiwa wanaatamia.

Nyumba yetu ina vigae sakafuni, kama nyumba nyingi za sasa. Lakini kwetu waombolezaji hawakai juu ya vigae. Msiba unataka majani mabichi, hata kwa tajiri. Nilikuwa nimekaa na mama nilipoona wanawake wa jirani wakipita na miundu mabegani, na nikajua wanakokwenda, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kwenda. Nikawakimbilia peku.

"Mama zangu, naomba msishuke kule chini. Kuna ndege kwenye mayai."

Mmoja wao, ambaye alimletea baba uji siku zote za ugonjwa, akanishika bega, akamaka kwa lugha ya kwetu. "Mawe! Tata wako aombolezewe kwenye vigae vitupu, kama mtu asiye na watu?"

Nikawapisha. Waliinama wakakata huku wakilia machozi ya kweli. Watu wakazidi kuja, majani yakapungua, wakarudi kuongeza, na kila waliporudi waliteremka zaidi. Kiota chenyewe walikikwepa kwa heshima yangu. Waliacha kichaka cha majani chenye upana wa kitanda, kimesimama peke yake kwenye udongo mtupu, na mtu aliyekuwa barabarani aliweza kukiona.

Korongo mmoja aliendelea kulalia mayai, taji lake la manjano likiwa wazi kwa kila jicho. Mwenzake alizunguka akilia. Juu mwewe alikuwa ameshaanza kuchora duara, na mbwa wawili walikaa kando ya njia wakitazama. Sikupenda jinsi walivyotulia. Kesho yake nilishuka kabla ya chai. Kile kichaka kilikuwa kimelala upande mmoja, na kiota hakikuwa na kitu. Niliuliza kila niliyekutana naye, na kila mmoja alijitia hamnazo.

Siku ya kuondoa matanga wazee wa ukoo walikaa sebuleni kuzungumza urithi, juu ya majani yale yale. Nikiwapitishia kahawa ya kutafuna, nikajikaza nikasema baba aliomba rweya ibaki. Walinisikiliza kwa adabu. Kaka yangu si mtu mbaya, ana watoto shuleni na maisha yanambana. Akauliza kwa upole:

"Ibaki rweya ipi? Nendeni mkaangalie. Ni udongo mtupu."

"Majani yataota tena," nikasema.

"Na miti itaota."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Walibishana zaidi juu ya nani achukue redio ya baba.

Jioni kaka akashuka na jembe na kamba ya kunyooshea mistari. Mimi na mama tukabaki kuyaondoa majani sebuleni, tuyapeleke migombani. Yalikuwa yamekauka, yanavunjika mkononi. Mama akasimama katikati ya kufagia na kutega sikio upande wa bondeni, kama baba alivyokuwa akifanya. Kulikuja mlio wa jembe tu. Akaangalia vigae vilivyokuwa vimeanza kuonekana chini ya ufagio wake.

"Na mimi," akaniuliza, "mtanitandikia nini?"