Nani Alimpika Kuku wa Mithra

Shahbanu na mumewe Hussainali waligombana kwa Kikachi, lugha ya mababu zao wa Kihindi, na kupatana kwa Kiswahili, kwa hiyo waliowatembelea nyumbani kwao ughaibuni, Thornhill, walijua hali ya mambo hata kabla hawajavua mabuti ya theluji. Mwaka ule wa tisini na tano Kikachi kilitawala. Chanzo kilikuwa mungu mmoja wa Warumi wa kale, ambaye watu walikwisha kumwacha zamani mno, lakini Hussainali akamleta nyumbani kwa ndege.

Walikuwa wanarudi kutoka Tanga kuwaona ndugu, wakapumzika Roma. Shahbanu alitaka kununua viatu. Mumewe akamteremsha ngazi chini ya kanisa moja, chini kabisa, mpaka kwenye chumba kisicho na dirisha, chenye mabenchi mawili marefu ya mawe yaliyoelekeana. Mwongozaji akaeleza kwamba humo wanaume walikutana kumwabudu Mithra, wakajilaza juu ya mabenchi hayo na kula pamoja. Hawakuacha kitabu. Karibu yote yanayojulikana juu yao yamefukuliwa ardhini: sanamu, maandishi ya kuchonga, vikombe, mifupa ya kuku. Shahbanu alipogeuka, Hussainali alikuwa analia.

"Mama Asad," alisema, "hiki ni chumba chetu."

Alimwelewa papo hapo, na hilo lilimuudhi. Chini ya nyumba yao kulikuwa na chumba cha namna hiyo. Kabla kituo cha ibada cha Bathurst hakijajengwa, familia za Waithnaasheri, Mashia kutoka Tanzania, zilikusanyikia kwao kila Muharram kumwombolezea mjukuu wa Mtume. Sakafu ya saruji ilikuwa barafu tupu, basi Hussainali, karani wa bima asiyejua kushika msumeno, akajenga mabenchi mapana ya mbao, moja kila upande. Wanaume wakakaa wakitazamana, wakasikiliza mawaidha ya majlisi, wakalia, wakala pilau. Wanawake walikuwa juu jikoni na spika iliyokoroma.

Sasa nyumba ilikuwa imeuzwa. Mtoto wao Asad alikuwa amewaandalia vyumba kwake Pickering, na wanunuzi walishasema kwamba chumba cha chini watakivunja waweke meza ya mchezo. Nyumba yenyewe haikumsikitisha Hussainali. Kilichomnyima raha ni kwamba chumba kile kingetoweka na asiwepo mtu wa kujua kwamba waliwahi kuwamo.

Basi akaazima vitabu maktaba, akawa anamhubiri Mithra kwa kila aliyebisha hodi. Alibandika ukutani picha ya mungu huyo mwenye kofia, akimchoma ng'ombe dume kisu. Mzee Roshanali, aliyekuwa na bucha Tanga, aliitazama kwa muda mrefu.

"Kisu kakishika vibaya," akasema, "na ng'ombe hakuelekezwa kibla. Nyama hii mimi siili."

Hata hivyo Hussainali alimpa cheo cha Simba, kwa kuwa wafuasi wa Mithra walikuwa na vyeo, kuanzia Kunguru, cha chini, hadi Baba, cha juu. Baba, bila shaka, alikuwa yeye mwenyewe.

Jumapili ya mwisho aliwaita wazee wenzake chini kunywa chai, akawapa mhadhara kamili.

"Wanaume watupu," alisema kwa fahari. "Kunguru walipakua kuku, wengine wakala."

Shahbanu alikuwa amesimama kwenye ngazi na sinia la sambusa.

"Na huyo kuku alipikwa na nani?"

Wazee wakacheka. Hussainali akapekua kichwani vitabu vyote alivyosoma, hakukumbuka mahali palipotaja jiko. Shahbanu alikusudia utani tu, lakini alipoweka sinia mezani aliyatazama yale mabenchi. Miaka yote ile hakuwahi kukaa kwenye benchi lile. Vilio vya Muharram alivisikia kupitia spika, na machozi yake watu wakadhani ni ya vitunguu. Ilimuuma, na alishangaa kwamba ilimuuma kiasi hicho.

Siku ya kufunga mizigo, upawa wake wa shaba ulipotea. Ulikuwa wa mama yake, ndio aliopakulia mchuzi tangu Tanga. Alipekua maboksi yote huku akimlaumu mumewe kwa Kikachi kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Kisha akasikia nyundo chini.

Alimkuta amepiga magoti chini ya benchi. Alikuwa ameitoboa sakafu shimo, na kando yake kulikuwa na ndoo ya saruji mbichi. Ndani ya shimo mlikuwa na mifupa ya kuku wa jana, na juu yake upawa.

"Nilifikiria kuuweka mwiko," Hussainali alisema bila kugeuka, na alisema kwa Kiswahili. "Lakini mbao huoza. Siku watakapochimba, Mama Asad, wasije wakasema humu walikuwamo wanaume watupu."

Shahbanu alitaka kumwambia kwamba mtu huomba ruhusa kwanza. Alitaka pia kumshika kichwa kile chenye upara na vumbi la saruji. Akaenda akakaa kwenye benchi la upande wa pili, akimwelekea. Lilikuwa gumu kuliko alivyodhani.

"Umeulaza kifudifudi," alisema. "Watadhani tulikuwa hatujui kupakua."

Hussainali akaingiza mkono shimoni, akaugeuza.