Bwana Kilemba na Dubwana la Bwawani

Karatasi iliyotoka sasa hivi kwenye mashine ya fotokopi ina harufu yake: joto kidogo, wino kidogo, na kitu kama nguo iliyopigwa pasi ikaungua pembeni. Wiki iliyopita nilikuwa Hurlingham, hapa Nairobi, nikitoa nakala za hati fulani, na mama wa dukani aliponikabidhi nilisimama palepale nikazinusa mbele za watu. Alinitazama kwa wasiwasi. Sikuwa na ugonjwa wowote, msomaji wangu. Nilikuwa nimerudi tu Ngara, kwenye duka la Baba Jaspal, nikiwa na miaka kumi na mmoja.

Mimi na Jaspal tulikuwa tukikaa dawati moja shuleni. Sisi tuliishi Woodley, kwenye zile nyumba za zamani za baraza la jiji zenye ua wa miiba ya kayaba, na wao waliishi Ngara, juu ya duka lao. Kila Jumamosi mama yangu alikwenda Ngara kununua vitu kwa bei ya jumla, na kwa kuwa nilikuwa mtoto wa maswali mengi, aliona heri aniache kwa Baba Jaspal mpaka amalize. Nusu ya duka lile ilikuwa fotokopi, nusu nyingine kanda za video za kukodisha. Kanda zilizopendwa na Baba Jaspal, na hatimaye na sisi, zilikuwa za madubwana.

Zilikuwa sinema za Kijapani, zimetiwa sauti za Kiingereza. Mtu hufungua mdomo akanena mambo marefu, halafu sauti ikatoka fupi kama ya kusema ndiyo. Kisha baharini hutokea dubwana lenye urefu wa ghorofa ishirini, likaja mjini kukanyaga nyumba. Tulijua vizuri kuwa ndani yake mlikuwa na mtu, kwa sababu katika kanda moja zipu ilionekana mgongoni. Hatukujali. Tulikunja miguu nyuma ya kaunta tukala njugu tukatetemeka. Dubwana likiuawa, Baba Jaspal, mtu mzima mwenye ndevu na kilemba kikubwa cha buluu, aliguna kwa uchungu kabisa. Alikuwa akilalamika kwamba hakuna hata mmoja aliyeliuliza linataka nini.

Sasa, kuna mteja aliyekuja akaacha kitabu kama rehani ya kanda mbili, asirudi tena. Kilikuwa kitabu cha Kiingereza cha sheria za mchezo wa mezani: wachezaji wanajibunia mashujaa wenye nguvu za ajabu, wanaandika nguvu hizo kwenye karatasi, na mmoja wao anakuwa msimamizi, anayesimulia yanayotokea na kurusha dadu kuamua nani ameumia. Tulipokiona tulishikwa na wazimu. Baba Jaspal akakataa katakata tusikiguse. Mali ya mtu ni mali ya mtu, alisema, na mwenyewe akirudi akikute kina alama za njugu itakuwaje? Alikubali kututolea nakala tu.

Hapo ndipo palipotokea kosa. Baba Jaspal maisha yake yote alikuwa ametoa nakala za vyeti na vitambulisho na barua za kuombea kazi, vitu ambavyo nyuma havina neno. Mkono ulishazoea. Akatoa nakala za kurasa za kulia peke yake, mwanzo hadi mwisho, akazibana vizuri, akatupatia akiwa na fahari kubwa. Sisi nasi hatukutaka kumvunja moyo. Kwa hiyo tulicheza karibu miaka mitatu kwa nusu ya sheria.

Kila ukurasa ulipokatika, tulijazia wenyewe. Ukurasa mmoja uliishia kwenye maneno haya: shujaa anayetaka kuruka angani ni sharti kwanza. Sharti kwanza nini? Tulijadiliana mchana mzima, tukaamua ni sharti kwanza aage nyumbani na aseme atarudi saa ngapi. Hivyo mashujaa wetu wote walikuwa na adabu. Ukurasa mwingine ulisema kwamba nguvu za shujaa zikifika sifuri, hapohapo, na maneno yakaishia hapo. Tukaamua kwamba hapohapo anaketi kwenye kibanda kilicho karibu, anakunywa chai, kisha anaendelea.

Msimamizi nilikuwa mimi. Mama yangu alikuwa karani mahakamani, na nyumbani kwetu methali iliyosikika kuliko zote ni kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Niliipenda sheria jinsi watoto wengine wanavyopenda peremende. Dubwana langu liliishi kwenye bwawa la Nairobi Dam, na lilipoinuka lilikuwa na magugumaji kichwani kama wigi. Lilishika Ngong Road kuelekea mjini, na mara mbili lilikwama kwenye foleni.

Shujaa wa Jaspal aliitwa Bwana Kilemba. Aliweza kuinua basi kwa mkono mmoja, na akiwa Ngara aliweza kusikia sindano ikianguka Westlands. Hakupenda kulipiga dubwana. Alilikaribia kwanza akaliuliza lina shida gani. Ninyi mmeshajua Bwana Kilemba alikuwa nani. Mimi, niliyejiona mwerevu kuliko darasa zima, sikujua.

Tulipokuwa darasa la saba, Baba Jaspal alianguka dukani asubuhi moja. Ulikuwa moyo. Akalazwa hospitali moja kule Hurlingham, duka likafungwa, na kwa kuwa Woodley si mbali na Hurlingham, Mama Jaspal akawa anamwacha Jaspal kwetu Jumamosi akienda kumwona mumewe. Jaspal hakusema lolote kuhusu hospitali. Alifika, akatandaza karatasi ya Bwana Kilemba mezani, akataka tuanze.

Jumamosi moja Mama Jaspal alikuja na kitabu chenyewe, kile cha yule mteja. Alikuwa amepanga upya vitu vya dukani, akaona mwenye kitabu hatarudi tena, basi watoto wafurahi. Nilikipokea kwa mikono miwili. Wiki nzima nililala nacho. Kurasa zote za kushoto zilikuwamo! Niligundua kwamba anayetaka kuruka ni sharti kwanza arushe dadu mbili, wala hakuna habari ya kuaga mtu. Niligundua pia kinachompata shujaa nguvu zake zikifika sifuri.

Jumamosi iliyofuata dubwana lilibomoa daraja la waenda kwa miguu, na Bwana Kilemba akalishika daraja mabegani ili watu wapite. Nikarusha dadu. Zikatoka sita na sita. Nikapiga hesabu, nguvu zake zikafika sifuri.

"Sawa," alisema Jaspal. "Ameketi. Chai."

"Hapana. Amekufa," nikamwambia. "Kitabu imesema ukifika sifuri umekufa. Ni vile tu hatukuwa na hiyo karatasi."

Aliivuta karatasi yake karibu. Nami, Mungu anisamehe, nikaendelea kumweleza kwa furaha ya mtu aliyefanya utafiti kwamba tukifuata kitabu, Bwana Kilemba alikuwa ameshakufa mara saba, ila tulikuwa tunamfufua kinyume cha sheria. Jaspal aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akaenda kuketi langoni mpaka mama yake alipokuja.

Jioni nilimsimulia mama nikitarajia sifa. Alikuwa akikata sukuma wiki. Aliniuliza kama najua Bwana Kilemba ni nani. Nikasema ni shujaa wa Jaspal, anainua mabasi. Kisu kikasimama. Mama hakunigombeza, na hilo lilinitisha kuliko kugombezwa. Alisema tu kwamba kesho baada ya kanisa tutakwenda hospitali.

Tulimkuta Baba Jaspal ameegemea mito. Kilemba kikubwa hakikuwepo. Alikuwa amefungwa kitambaa kidogo cheusi, na chini ya kitambaa kile uso wake ulikuwa umepungua sana. Nikakitazama kitambaa, nikamtazama Jaspal aliyesimama dirishani akitupa mgongo. Ndipo nilipojua nilichokuwa nimesema.

"Mheshimiwa jaji," aliniita, kama alivyoniita siku zote. "Hebu niambie. Bwana Kilemba amefika wapi? Huyu hataki kuniambia."

Mama alinitazama. Jaspal hakugeuka.

"Ameketi," nikasema. "Anakunywa chai."

"Ya tangawizi?"

"Ya tangawizi."

Akafumba macho akitabasamu. "Basi msimharakishe."

Sijui kama alikuwa ameusoma ule ukurasa. Tulipotoka Jaspal alinifuata mpaka mlangoni, akanipa njugu alizokuwa nazo mfukoni. Nilidhani nimesamehewa na mambo yamekwisha.

Baba Jaspal alifariki kabla shule hazijafungwa. Mama yangu aliniambia wakati wa chakula kwamba Baba Jaspal ametutoka. Mwalimu wa darasa alituambia tusimsumbue Jaspal kwa sababu baba yake amepumzika. Jirani mmoja akasema ameitwa, mwingine akasema sasa yuko mahali pema. Kule Ngara nyumba ilijaa watu waliovaa nyeupe, na kila aliyemkaribia Jaspal alimshika kichwa akamwambia kwa sauti ya chini mambo ya namna hiyohiyo. Alikuwa akiitikia kwa kichwa. Macho yake yalikuwa makavu kabisa, na watu wakamsifu kwamba ni mtoto jasiri.

Mwezi mmoja baadaye alikuja Woodley Jumamosi, bila kuitwa. Akaketi mahali pake, akatoa mfukoni ile karatasi iliyokunjwa mara nne, akainyoosha mezani kwa kiganja. Akaniuliza tuliachia wapi.

Nilikuwa nimejiandaa. Kwa mwezi mzima nilikuwa nimeapa kwamba sitamuumiza tena maisha yangu yote. Nikamwambia kwa upole, kwa sauti ileile ya watu wazima, kwamba Bwana Kilemba ameketi kibandani, anakunywa chai, anapumzika.

"Hata wewe?" alisema Jaspal.

Sikuelewa. Akakisukuma kitabu mpaka mbele yangu.

"Soma. Hiyo karatasi ulinisomea."

Nikasema si lazima, tunaweza kufuata sheria zetu za zamani, zilikuwa nzuri zaidi. Akatikisa kichwa. Basi nikaufungua ukurasa ule wa kushoto, nikausoma polepole, nikimtafsiria neno kwa neno: nguvu za shujaa zikifika sifuri, hapohapo amekufa. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Sasa andika."

Nikachukua penseli. Alinishikia karatasi pembe mbili ili isiteleze. Nikaandika kwa herufi kubwa, pale juu, karibu na jina: AMEKUFA. Jaspal aliliangalia lile neno, kisha akaweka kichwa mezani juu ya mikono yake, akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa mtoto mwingine. Mama alitokea mlangoni, akatutazama, akarudi jikoni. Mimi niliketi tu pale. Sikuwa na sheria ya jambo lile.

Miaka mingi niliamini kwamba siku ile nilimwonea mara ya pili. Nilidhani ningeshikilia chai yangu, ningegoma kusoma, angepona vizuri zaidi. Tuliendelea kucheza, alibuni shujaa mwingine, mwanamke wa Ngara anayegandisha vitu kwa kuvitazama, na dubwana letu lilizeeka likawa mwenyekiti wa bwawa. Tukakua. Yeye akaenda zake kufanya kazi Kisumu, mimi nikabaki jijini. Jambo lile hatukulizungumza hata mara moja.

Kisha mwaka juzi mama yangu naye akaondoka. Mnaona, hata mimi nimeandika akaondoka. Nyumba yetu ya Woodley ilijaa watu wema. Waliniambia amepumzika, ametangulia, Mungu amempenda zaidi. Niliwashukuru mmoja mmoja, nikawaandalia viti, nikahesabu sahani. Siku nne sikutoa chozi, nikasikia mmoja akimnong'onezea mwenzake kwamba Wairimu, yaani mimi, ni jasiri.

Siku ya tano Jaspal alipiga simu. Hakuanza na pole, wala hakuniuliza kama nimekula.

"Wairimu," alisema. "Mama amekufa."

Nikamwambia ndiyo, amekufa, na ndipo nilipoanza kulia.