Mnavu wa Nyuma ya Nyumba

Mpishi mkuu wa hospitali alikuwa na kiherehere, tuseme ukweli. Miaka ishirini na miwili alikuwa akizilisha wodi sita wali, maharage na kabichi, na cheti chake cha upishi kilining'inia juu ya mlango wa stoo, kimefifia kwa mvuke. Kwa hiyo mtaalamu wa lishe alipoingia jikoni asubuhi moja akauliza nani anayajua majani ya porini, mgagani, mnavu, pwipwi, mkono wa mpishi uliinuka kabla akili yake haijaamka.

Mtaalamu akafurahi. Akaeleza kwamba majani hayo yana madini mengi ya chuma kuliko kabichi, kwamba wajawazito wa wodi ya tatu wamepungukiwa damu, na kwamba watu wanayapita njiani kila siku wakiyaita magugu. Mpishi alikuwa akiitikia kwa kichwa, utadhani anasimuliwa habari za kwao. Kumbe naye ni mmoja wa hao wapita njia.

Aliyeyajua ni mamamkwe wake. Bibi huyo alizaa wanaume watupu, na siku zote alitamani binti wa kumrithisha anachokijua. Mpishi alipoolewa, siku ya tatu tu alishikwa mkono akapelekwa nyuma ya nyumba.

"Huu ndio mnavu wangu," mamamkwe akamwambia. "Nimeuchagulia mbegu miaka na miaka. Una ndugu yake, wanafanana, ila huyo haliwi. Uwe unakuja hapa kila asubuhi, nikuonyeshe mpaka jicho lizoee."

Bibi harusi akacheka kwa adabu. "Mama, mimi nimesomea upishi."

Mama wa watu hakurudia tena. Mtu akikuziba mdomo kwa cheti, utamwambia nini?

Basi mpishi akateremka bondeni, akachuma mgagani, huo angalau aliutambua, uliojaa maua meupe, akauchemsha, akauunga kwa kitunguu na nyanya. Mnavu hakuthubutu kuugusa. Sahani zilirudi kama zilivyokwenda. Mjamzito mmoja alimwuliza muuguzi kama ile ni mboga au dawa ya minyoo; maneno yakafika jikoni, na jiko zima likaangua kicheko. Mpishi naye alicheka, ila uso ulimshuka.

Alipotoka kazini alichukua fungu lililobaki akaingia nalo chumbani kwa mamamkwe. Bibi alikuwa ameketi kitandani. Macho yake yalikuwa yamezima mwaka wa nane sasa. Akalipapasa lile fungu, akavunja kikonyo kimoja, akanusa.

"Nani kauchuma huu?"

"Mimi, Mama."

"Umeshatoa maua. Hapo hata uchemshe wiki nzima uchungu hautoki. Unachumwa ungali mchanga, mwanangu, kisha unatiwa maziwa kidogo."

Ni hayo tu. Kitu ambacho angekijua tangu alipokuwa bibi harusi, na wale wajawazito wangekula wakashiba. Mpishi alijuta mpaka akakosa pa kuiweka mikono yake.

"Mama, nifundishe. Yote, na mnavu pia. Nitaomba likizo, tuanze hata kesho."

Bibi akalitandaza lile fungu mapajani, akaanza kuyanyoosha majani. "Mnavu hausimuliwi. Ukikosea unalisha watu sumu. Lazima uonyeshwe, ule mzuri wenyewe, ukiwa mbele yako."

Mpishi akainamisha kichwa. Kule nyuma kulikuwa na saruji tupu. Yeye mwenyewe ndiye aliyemleta fundi, mwaka mmoja baada ya macho ya bibi kuzima, kwa kuwa alitaka mahali pakavu pa kuanikia nguo. Siku ile alijisemea kwamba mama haoni, hatajua. Sasa aliona aibu kumwambia, na aibu zaidi kumficha.

"Mama, kule nyuma nilimwaga sakafu."

"Najua. Nilisikia koleo la fundi tangu asubuhi." Bibi aliendelea kuyanyoosha majani mapajani mwake, moja moja. "Nikakaa hapa hapa nikisema, ataingia tu. Ataniuliza, nimwambie achume mbegu kwanza. Mpaka fundi akaondoka."

Sauti yake haikuwa na hasira hata chembe. Angefoka, mpishi angepata nafuu.

"Sasa macho sina, na ule mnavu wangu haupo," bibi akasema. "Nikufundishie wapi, mwanangu?"

Aliuliza kwa nia ya kujibiwa kweli, akageuza sikio upande wa mkwewe, akasubiri.